Somo: Pankeki ya oveni inayofura bila hamira, kwa chai ya saa nne

Pankeki hii haigeuzwi. Rojo la mayai, maziwa na unga linamiminwa kwenye kikaango ambacho tayari kina moto ndani ya oveni, mlango unafungwa, na baada ya dakika kama 20 inatoka imefura: kingo zimepanda juu kuliko kikaango chenyewe, kavu na za kahawia, na katikati pamebonyea, laini, panatikisika kidogo. Haina hamira, haina bekingi pauda. Kinachoinyanyua ni mvuke peke yake. Viungo ni vilevile vya chapati za maji. Tofauti iko kwenye moto, na karibu kila anayeshindwa kuipika hushindwa hapo.

Wamarekani wanaiita Dutch baby, yaani mtoto wa Kiholanzi. Jina hilo linahusishwa na mgahawa wa Manca's wa Seattle, mwanzoni mwa karne ya 20, na asili ya mapishi ni pankeki za Wajerumani, Uholanzi haimo. Waingereza nao wana ndugu yake, Yorkshire pudding, isiyo na sukari, huliwa na nyama ya kuoka. Sisi tuiite pankeki ya oveni, inatosha.

Kinachoifanya ifure

Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Rojo hili limejaa maji, ya maziwa na ya mayai (yai lenyewe ni karibu robo tatu maji). Likigusa chuma cha moto, sehemu ya chini na ya pembeni hutoa mvuke papo hapo, wakati juu bado ni teke. Mvuke unatafuta pa kutokea na unasukuma. Mayai na gluteni ya unga (protini ya ngano inayovutika) vinatanuka kama puto, halafu joto la oveni linalikausha puto hilo likiwa limeshavimba.

Ukiielewa hiyo, makosa yote utayajua mwenyewe bila kuambiwa. Kikaango kikiwa vuguvugu, mayai yanaganda taratibu kabla mvuke haujapata nguvu. Unga ukizidi, puto linakuwa zito. Mlango ukifunguliwa dakika ya 8, mvuke unapoa na kuta bado mbichi, zinaanguka na hazinyanyuki tena.

Dodoma mjini iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Mvuke unaanza mapema kidogo na hewa ya kuukandamiza ni nyepesi, kwa hiyo pankeki hufura kwa urahisi kuliko Dar es Salaam. Ubaya wake ni ukavu: unyevu unatoka haraka, na unga uliokaa kabatini miezi ya kiangazi unakunywa maziwa mengi zaidi. Vipimo vilivyo hapa chini vimezingatia hilo.

Kikaango

Kinachofaa kuliko vyote ni kikaango kizito cha chuma, upana wa sentimita 25 juu, kuta za kwenda juu sentimita 5. Chuma kizito kinashika joto. Ukimimina rojo hakipoi ghafla.

Huna? Usinunue kwanza. Sufuria nene ya alumini, zile za kusubu zinazouzwa kwa uzito, inafanya kazi nzuri, na kwa sababu sufuria zetu hazina mikono ya plastiki zinaingia oveni bila wasiwasi. Sufuria nyembamba za bati jepesi ziache: zinapata moto haraka na kuupoteza haraka vilevile, na chini huungua.

Vya kuepuka kabisa ni vitatu. Bakuli la kioo, hata lile lililoandikwa la oveni, likishapata moto mkali ukalimwagia rojo la baridi linaweza kupasuka. Chungu cha udongo nacho hivyohivyo. Cha tatu ni kikaango chenye mpini wa plastiki au mbao. Vile vikaango vyeusi visivyogandisha chakula havipaswi kupashwa moto vikiwa vitupu kwenye joto hili. Kama ndicho ulicho nacho, soma maelezo ya mtengenezaji kuhusu oveni, na mafuta yawemo tangu mwanzo.

Vipimo (watu 2 wenye njaa, au 4 wa kuonja)

Mayai ya kisasa 3. Ya kienyeji weka 4, ni madogo.
Maziwa mililita 130 (vijiko vya chakula 8 na nusu hadi 9).
Unga wa ngano mweupe gramu 65 (vijiko vya chakula 8 vya kusawazisha kwa kisu, visiwe vya mlima).
Sukari kijiko 1 cha chakula.
Chumvi robo kijiko cha chai.
Vanila kijiko 1 cha chai, au iliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai.
Siagi gramu 40, yaani chini kidogo ya moja ya sita ya pakiti ya gramu 250.

Asiye na mizani wala vijiko vya kupimia atumie glasi. Vunja mayai ndani ya glasi iliyonyooka, weka alama ya kalamu yalipoishia. Yamimine bakulini, kisha jaza maziwa hadi chini kidogo ya alama hiyo, kama nusu ya unene wa kidole. Futa glasi ikauke, jaza unga uliochekechwa hadi palipofika maziwa, bila kuushindilia. Njia hii ina faida moja kubwa: mayai ya kienyeji hayalingani, na hapa vipimo vinafuata ukubwa wa mayai yenyewe.

Maziwa ya muuza maziwa yachemshwe kwanza na yapoe. Pima baada ya kuchemsha, kwa sababu maji yamepungua. Maziwa ya unga yenye mafuta yanafaa: gramu 15 kwa mililita 130 za maji. Unga uwe mweupe wa kawaida. Unga uliochanganywa bekingi pauda tayari haufai; utakupa keki nene yenye matundu, na kuta hazitapanda.

Hatua

Ukitaka watu wale saa nne kamili, oveni iwake saa tatu na dakika kumi.

1. Weka waya wa oveni katikati au ngazi moja chini ya katikati. Pima kwa macho: juu ya kikaango pabaki sentimita 12 wazi. Ingiza kikaango kitupu, washa oveni nyuzi 220. Kama oveni yako ina feni, nyuzi 200. Oveni ya gesi yenye namba, weka 7. Acha dakika 25. Taa ikizimika baada ya dakika 8 usidanganyike. Taa inakwambia hewa imepata moto, haisemi kitu kuhusu chuma.

2. Wakati huohuo tengeneza rojo. Mayai na maziwa yasiwe ya kutoka kwenye friji. Asubuhi za Juni na Julai, hata yaliyolala kabatini huwa ya baridi. Yatie mayai (na maganda yake) kwenye maji ya uvuguvugu dakika 5.

Kwa blenda: tia vyote isipokuwa siagi, saga sekunde 30, kwangua kuta, saga sekunde 10 tena. Kwa mkono: unga, sukari na chumvi bakulini, tengeneza shimo katikati, tia mayai peke yake kwanza. Piga kwa mchapo hadi upate ujiuji mzito usio na madonge, ndipo umimine maziwa kidogo kidogo. Ukianza na maziwa, madonge yatakukimbia mpaka mwisho. Yakibaki, chuja kwa chujio la chai, hakuna aibu.

Sasa liangalie. Rojo sahihi ni jepesi kuliko la chapati za maji. Chovya kijiko, kitoe, pitisha kidole mgongoni mwa kijiko: njia ya kidole ibaki wazi sekunde moja au mbili, kisha iungane. Isipoungana kabisa, unga umezidi, ongeza kijiko cha maziwa. Lisivutike kama mlenda.

3. Acha rojo lipumzike kaunta hadi oveni iwe tayari. Unga unakunywa maji na gluteni inalegea, kuta zinavutika bila kukatika. Linaweza pia kulala friji usiku kucha. Litoe nusu saa kabla na ulikoroge, unga hutuama chini.

4. Dakika ya 25, vuta kikaango nje kwa kitambaa kikavu kilichokunjwa mara mbili (kitambaa kibichi kinapitisha joto na kuunguza mkono). Tupia siagi. Hapa ndipo penye mtihani wa kweli. Siagi inatakiwa ipige kelele mara moja, ipande povu, na ndani ya sekunde 30 hadi 40 povu lianze kutulia na kunukia kama karanga zinazokaangwa. Ikiyeyuka kimya kama ipo juani, rudisha kikaango dakika 10 zaidi. Ikiwa nyeusi papo hapo na kutoa moshi wa kuwasha macho, imeungua; futa kwa karatasi, acha kikaango dakika 2 nje, tia nyingine. Izungushe siagi ipande hadi juu ya kuta.

5. Mimina rojo lote kwa mkupuo mmoja, katikati. Litasukuma siagi pembeni, ndivyo inavyotakiwa. Usikoroge, usitikise. Rudisha ndani na ufunge mlango. Kuanzia kutoa kikaango hadi kufunga mlango isizidi dakika moja na nusu.

6. Dakika 15 hakuna kufungua. Tazama kupitia kioo. Dakika ya 6 au 7 pembeni patavimba, kisha mabonge yatapanda ovyo, upande mmoja juu ya mwingine, na hilo si kosa. Dakika ya 16 hadi 18 kingo zinakuwa kahawia kama maandazi yaliyoiva. Shusha moto hadi nyuzi 150, acha dakika 3 hadi 4 kuta zikauke.

7. Toa. Papo hapo funika mpini kwa kitambaa na ukiache hapo. Kikaango kikishakaa mezani watu husahau kuwa mpini nao ulikuwa oveni, na wanaushika.

Itaanza kushuka ndani ya dakika 2. Watu wawe wameshakaa, chai imeshamiminwa.

Vya juu yake

Cha asili ni limau na sukari: kamua nusu limau ikiwa bado ina moto, chekecha sukari ya unga juu. Ndimu nayo ni sawa ila ni kali, punguza.

Lakini kuishi Dodoma na kula pankeki hii bila zabibu ni kujinyima. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka huku, na zikiwa sokoni Majengo hakuna sababu ya kutafuta matunda ya kopo. Chukua gramu 250 za nyekundu, zikate katikati, toa mbegu kwa ncha ya kisu. Tia kwenye sufuria ndogo na sukari vijiko 2 vya chakula na maji vijiko 3, moto wa wastani dakika 6 hadi 8, hadi ngozi zilegee na mchuzi upake kijiko. Mwisho kamulia ndimu kidogo. Ikiwa ya moto itaonekana nyepesi, ikipoa inashika.

Asali ya Manyoni na karanga zilizokaangwa na kupondwa nusunusu ni ya pili kwa ubora, na ni ya haraka. (Asali usimpe mtoto chini ya mwaka mmoja, hata ya kuonja.) Anayependa ya chumvi aondoe sukari na vanila, aongeze pilipili manga na kitunguu cha majani kilichokatwa kwenye rojo, ale na nyanya za kukaanga. Mboga zenye maji, kama mchicha, ziwekwe baada ya kuiva, sio kabla.

MASWALI YA WANACHAMA WA SOMO HILI (kwenye mabano ni mahali alipo muulizaji)

Swali (Nkuhungu): Mbukwenyi! Yangu inafura vizuri sana ndani ya oveni, nikiitoa tu inasinyaa hata sijafika mezani. Nakosea wapi?

Jibu: Mbukwenyi dada. Kushuka ni lazima, mvuke ukipoa hakuna cha kuishikilia katikati. Cha kuangalia ni kuta. Zikibaki zimesimama hata nusu ya urefu, umepika sawa. Zikilala kabisa na kuwa na mikunjo kama nguo, hazikukauka. Usiitoe kwa kufuata rangi ya juu peke yake. Ongeza zile dakika 3 au 4 za nyuzi 150. Pia unaweza kuichoma kwa ncha ya kisu sehemu mbili tatu za pembeni dakika ya mwisho ili mvuke utoke taratibu.

Swali (Bahi): Imetoka nzito, inavutika mdomoni kama raba. Nimefuata vipimo vyote.

Jibu: Vyote kaka? Unga uliupima vipi?

Bahi: Vijiko 8. Ila nilipoona rojo ni majimaji sana nikaongeza viwili.

Jibu: Basi ni hivyo viwili. Gramu 16 juu ya 65 ni robo nzima. Rojo hili kwa jicho lililozoea chapati za maji huonekana limeharibika, na mkono unakwenda kwenye unga wenyewe. Uzuie. Na kama ulilipiga muda mrefu baada ya kuongeza unga, hiyo nayo inakaza.

Swali (Ipagala): Shikamoo mama. Mimi sina oveni, nina jiko la mkaa na la gesi la plate mbili. Inawezekana, au nisome tu nipite?

Jibu: Marahaba mwanangu. Inawezekana kwa kupalia moto juu, kama mkate wa kumimina. Haitapanda sana kama ya oveni, ila itafura. Tumia sufuria nene yenye kina cha sentimita 12 au zaidi, kwa sababu ikipanda isiguse mfuniko. Mfuniko uwe bapa wa bati, au sinia la chuma.

Washa mkaa mwingi, subiri ushike wote na majivu meupe yaonekane. Weka makaa juu ya mfuniko kwanza ukiwa pembeni, dakika 10, upate moto. Sufuria tupu iwe jikoni wakati huo. Tia siagi, fanya mtihani uleule wa povu. Mimina rojo theluthi mbili ya kipimo (mayai 2), funika kwa ule mfuniko wenye makaa. Sasa toa makaa mengi ya chini, bakiza matano sita yaliyotawanyika pembeni, katikati pasiwe na kitu. Juu ndipo moto uwe mkubwa. Dakika 12 hadi 15. Fanyia nje au barazani, usifanyie chumba kilichofungwa. Hewa ya mkaa inaua na haina harufu.

Nyongeza ya mwanachama (Mpwapwa): Mfuniko ukibana sana mvuke unarudi chini na juu panabaki pamelowa. Dakika 4 za mwisho usogeze kidogo, upana wa penseli, upate njia. Upepo ukiwa mkali upande mmoja unaungua, zungusha sufuria robo mzunguko bila kufunua.

Swali (Kisasa): Nina oveni ndogo ya umeme ya mezani. Juu inaungua dakika ya 10, chini bado mbichi.

Jibu: Kwenye hizo waya za moto za juu ziko karibu mno. Pankeki ikipanda inazifuata yenyewe. Tumia kikaango cha sentimita 20 na mayai 2, maziwa mililita 85, unga gramu 45, siagi gramu 25. Waya wa kuwekea uwe ngazi ya chini kabisa. Pasha na moto wa juu na chini, ukishamimina geuza uwe wa chini peke yake, dakika 5 za mwisho ndipo uwashe wa juu. Nyingine namba zake hazisemi kweli. Imeandikwa 220, ndani iko 190. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni kitakuonyesha tofauti, na kinafaa pia kwa keki na mikate.

Swali (Chamwino): Unga wa mtama au uwele unakubali? Ngano imepanda bei, na mtama upo ndani.

Jibu: Robo tu. Gramu 50 za ngano na 15 za mtama mweupe uliosagwa laini na kuchekechwa. Mtama hauna gluteni, kwa hiyo kila gramu unayoiweka inapunguza nguvu ya puto. Ukifika nusu kwa nusu unapata kitu kitamu, lakini bapa, na kingo zinapasuka. Uwele una ladha nzito inayokwenda vizuri na asali, nao robo. Rojo la mchanganyiko huu lipumzike saa nzima, chembe zake zinachelewa kulainika, bila hivyo utasikia mchangamchanga.

Swali (Ilazo): Nimehamia huku kutoka Tanga. Vipimo vilevile, kikaango kilekile, ila kingo sasa zinakuwa ngumu kama biskuti.

Jibu: Ni ukavu na mwinuko kwa pamoja. Kama ulikuwa unatumia mililita 120 za maziwa, nenda 130 hadi 135. Punguza dakika 2 za moto mkali. Unga uhifadhi kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana, mfuko uliofunguliwa wakati wa kiangazi unakauka kuliko unavyodhani.

Swali (Makulu): Naweza kutumia majarini au mafuta ya alizeti badala ya siagi? Siagi ni ghali.

Jibu: Alizeti ndiyo, vijiko 2 vya chakula, na ni salama zaidi kwenye moto huu. Lakini iwe iliyosafishwa. Yale ya kukamua yasiyosafishwa, yenye rangi nzito na harufu ya mbegu, hutoa moshi mapema sana, yaache kwa mboga. Samli ni nzuri kuliko zote: haiungui upesi kwa sababu yale mabaki ya maziwa yameshatolewa. Majarini ina maji ndani, inarusha matone ukiitia kwenye chuma cha moto, na zile laini za kupaka mkate zina maji mengi zaidi. Kama lazima majarini, changanya kijiko 1 na kijiko 1 cha alizeti, na usimame mbali kidogo.

Kipimo cha unafuu: alizeti ya kupikia, na kijiko kimoja cha siagi cha kupaka juu ikishaiva. Harufu inabaki ileile kwa gharama ndogo kuliko siagi tupu.

Swali (Kongwa): Umeme ukikatika katikati je?

Jibu: Inategemea dakika. Ukikatika baada ya dakika ya 12, usifungue. Chuma kizito na kuta za oveni vitaimalizia, ongeza dakika 6 au 7. Kabla ya dakika ya 8 usisubiri. Hamishia kikaango kwenye jiko la gesi, moto mdogo kabisa, funika, dakika 6. Hutapata kingo, utapata chapati nene ya mayai, lakini unga na mayai havijapotea.

Swali (Kikuyu): Katikati kunabaki kidimbwi cha siagi. Ni sawa?

Jibu: Kidogo ni sawa, ikishakatwa inanyweka. Kikiwa cha kuogelea, ama siagi ilizidi gramu 40, ama kikaango chako kimebonyea katikati. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa upande. Vikaango vya chuma vyepesi vilivyowahi kumwagiwa maji ya baridi vikiwa vya moto hupinda hivyo, na havinyooki tena.

Swali (Area D): Tuko wanane Jumapili baada ya ibada. Niongeze vipimo mara nne kwenye sufuria moja kubwa?

Jibu: Hapana. Rojo likiwa na kina cha zaidi ya sentimita moja na nusu, katikati halitaiva. Tumia trei mbili za kuokea za sentimita 23 kwa 33, kila moja mayai 6, maziwa mililita 260, unga gramu 130, siagi gramu 70, dakika 22 hadi 25. Ziingie moja baada ya nyingine, siyo moja juu ya nyingine, ya juu huizibia ya chini moto. Trei ya pili irudi kupata moto dakika 10 kabla ya kumimina.

Swali (Singida): Bila mayai inawezekana?

Jibu: Hii hapana. Mayai ndiyo kuta zenyewe.

Swali (Nkuhungu, tena): Iliyobaki inapashwa vipi? Kwenye maikrowevu imekuwa laini kama kitambaa kilicholowa.

Jibu: Maikrowevu inarudisha mvuke ndani ya kuta zilizokwisha kukauka. Ikate vipande, viweke juu ya waya wa oveni bila sahani, nyuzi 180, dakika 4 hadi 5. Au kikaango kikavu bila mafuta, moto mdogo, dakika 2 kila upande. Kufura haitafura tena, ila kingo zitarudi kuwa kavu. Isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na iliyowekwa friji imalizwe kesho yake.